Gari Linapotetemeka kwa Kufunga Breki

Barabara ya zamani iteremkayo kutoka Kimende hadi Mai Mahiu hulipima gari kuliko mkaguzi ye yote. Wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliijenga wakati wa Vita Kuu ya Pili, na kanisa dogo walilolijenga kando yake mwaka 1942 lingalipo hata leo. Upande mmoja dereva ana ukuta wa mwamba, na upande wa pili ana Bonde la Ufa. Malori yaliyojaa shehena hutambaa mbele yake, na kila kona hudai breki. Hapo ndipo gari lililokuwa likienda vizuri mjini Nairobi huanza kutetemeka: usukani wacheza mikononi, pedali yapiga unyayo kama moyo wa mtu aliyekimbia, na abiria waliokuwa wakizungumza hunyamaza.

Afikapo tambarare dereva huyo hutafuta gereji, na mara nyingi jibu huwa limekwisha kumngoja hata kabla gari halijainuliwa kwa jeki. Huambiwa ya kuwa diski zimepinda, anunue nyingine.

Mtu aweza kumfikiria mwalimu wa shule ya msingi kule Naivasha, mwenye Toyota Probox aliyoinunua kwa akiba ya miaka minne. Mwezi wa Januari gari lake linatetemeka. Anatiliwa diski mbili mpya na pedi zake, na gari linatulia. Mwezi wa Juni linatetemeka tena.

“Mwalimu, diski zimepinda,” asema fundi.

“Mbona uliniwekea mpya Januari tu, fundi?”

“Basi zile hazikuwa zenyewe. Safari hii tutafute za Japani.”

Mwalimu hulipa mara ya pili, na karo ya mtoto hungoja. Wala haifai kudhani kwamba fundi huyo ni mwizi. Amesema lile alilolisikia kwa fundi aliyemfundisha kazi, na yule naye alilisikia vivyo hivyo. Walakini neno hilo lina kosa ndani yake, na kosa hilo limekula fedha za watu wengi kutoka Mombasa hadi Busia.

Diski ya breki ni sahani nene ya chuma cha kalibu, iliyofungwa pamoja na gurudumu na kuzunguka nalo. Pedi mbili huibana, moja kwa ndani na moja kwa nje, kama vidole viwili vinavyobana sarafu. Chombo hiki kilijipatia sifa mwaka 1953, wakati gari la Jaguar lenye diski za Dunlop liliposhinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans huko Ufaransa. Miaka miwili baadaye Citroën DS ilitoka kiwandani ikiwa na diski magurudumu ya mbele. (Mwaka ule ule wa 1953 ndipo mashindano ya Safari yalipoanza katika Afrika ya Mashariki, siku ambazo magari ya kawaida bado yalitegemea dramu.) Probox ya mwalimu inavyo vyote viwili, diski mbele na dramu nyuma.

Kazi ya breki ni kuugeuza mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,300 likiteremka mita 500 kwenda chini, nguvu itokayo katika uzito wake yatosha kuchemsha karibu lita 20 za maji, yaani debe zima. Upepo huchukua sehemu, na injini nayo huchukua sehemu nzuri ikiwa dereva ameweka gia ndogo. Asipoweka, karibu joto lote huingia katika breki, na za mbele ndizo zinazobeba zaidi. Kwa hiyo si ajabu watu kuamini kwamba chuma kilichopata moto wa namna hiyo kimepinda kama bati juani. Lakini diski hizo zikifunguliwa na kupimwa juu ya meza iliyo sawasawa, aghalabu huonekana zimenyooka. Kilichoharibika ni unene. Mahali pamoja pana unene wa milimita 21.98, na upande wa pili milimita 21.94. Tofauti hiyo ni ndogo kuliko unywele wa kichwani, na jicho haliwezi kuiona kamwe, lakini mguu wa dereva huisikia.

Sababu yake ni rahisi. Sehemu nene inapopita kati ya pedi, huzisukuma nyuma, mafuta ya breki yakasukumwa nayo hadi kwenye pedali, na gurudumu likashikwa kwa nguvu. Sehemu nyembamba inapopita, mshiko hulegea. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, gurudumu la ukubwa ule huzunguka kama mara 12 kwa nukta moja. Basi breki hushika na kulegea mara 12 kwa kila nukta, na huo ndio mtetemeko.

SHINA LA UGONJWA

Sasa laja swali ambalo gereji nyingi haziliulizi. Diski mpya ilikuwa na unene mmoja pande zote siku ilipofungwa. Imepataje kuwa nyembamba mahali pamoja?

Jibu limejificha nyuma ya diski. Diski hukaa juu ya kitovu cha gurudumu, kile ambacho mafundi hukiita habu. Uso wa kitovu ukiwa na kutu, au chembe ya mchanga, au gamba la rangi, diski haikai wima. Huyumba kidogo inapozunguka, labda sehemu moja ya kumi ya milimita ukingoni. Siku ya kwanza dereva hasikii lo lote, kwa maana kalipa inayozishika pedi ina uwezo wa kuteleza kushoto na kulia na kuifuata diski iyumbavyo. Gari hutoka gereji likiwa tulivu, fundi akalipwa, na kila mtu akaridhika.

Ubaya huanza breki isipofungwa. Mwalimu anapokwenda zake kwa amani, upande wa diski uliochomoza huigusa pedi mara moja kwa kila mzunguko. Gurudumu huzunguka zaidi ya mara 500 katika kilomita moja. Katika kilomita 5,000 mahali pale pamoja pamekwisha kuguswa zaidi ya mara milioni mbili na nusu! Pedi hupalamba polepole kama jabali linavyoliwa na maji, mpaka siku moja unene umepungua kiasi cha kusikika. Ndiyo maana gari lilitulia Januari likatetemeka Juni. Diski za pili zilifungwa juu ya kutu ile ile, nazo zitakwenda njia ile ile hata zikitoka Japani, hata zikiwa za bei ya juu kuliko zote katika maduka ya Kirinyaga Road.

Kutu hiyo ina historia yake. Magari mengi ya Kenya huja yakiwa yamekwisha kutumika Japani, na sehemu za kaskazini za nchi ile, kama Hokkaido, hutiwa chumvi barabarani wakati wa theluji. Chumvi hula chuma. Baadaye gari husafiri baharini kwa majuma kadhaa na kukaa katika hewa ya bandari ya Mombasa. Kutu ya juu ya diski, ile inayoonekana, huondoka kwa breki chache tu na haina neno, isipokuwa imekula sana. Ile iliyo kati ya diski na kitovu haiondoki mpaka mtu aifuate kwa msasa.

Mkosaji wa pili ni spana. Kijana wa kuziba pancha hukaza nati kwa spana ya upepo, ya kwanza mpaka mwisho, kisha jirani yake, akizunguka kama anayekaza kifuniko cha chupa. Diski huvutwa upande mmoja. Wako madereva ambao mtetemeko wao ulianza miezi michache baada ya kubadilisha tairi, nao hawakuweza kuoanisha mambo hayo mawili kwa kuwa yaliachana kwa muda mrefu.

Wa tatu ni dereva mwenyewe. Mtu aliyeteremka mlima wote mguu ukiwa juu ya pedali, akafika chini kwenye kizuizi cha polisi akasimama huku ameikaza breki kwa nguvu, ameigonga mihuri diski yake. Pedi iliyopata moto kupita kiasi huacha tabaka la masizi yake pale iliposimama. Baadaye mahali hapo hushika zaidi kuliko pengine, na mtetemeko huja ingawa diski imenyooka na kitovu ni safi. Na yule ambaye, kwa kuona moshi, huzimwagia breki maji baridi, yeye hujitafutia diski iliyopasuka.

KULICHUNGUZA GARI

Fundi mzuri huanza kwa maswali, kama tabibu. Tuseme mwalimu sasa ameongozwa kwa fundi mwingine, mtu mzima mwenye mvi, aliyeanza kazi wakati wa Peugeot 404. Mzee huyo hafungui sanduku la spana kwanza.

“Mwalimu, linatetemeka ukikanyaga breki tu, ama hata usipokanyaga?”

“Nikikanyaga tu, mzee. Zaidi nikitoka mwendo wa themanini.”

“Ni usukani unaocheza, ama ni kiti?”

“Usukani. Na mguu nao unausikia.”

Maneno hayo machache yamekwisha kuokoa nusu ya kazi. Gari litetemekalo wakati wote, breki ifungwe isifungwe, lina ugonjwa mwingine: tairi imevimba, rimu imepinda, au magurudumu hayakupimwa mizani. Usukani ukicheza, mashaka huelekea magurudumu ya mbele. Kiti na sakafu vikicheza bila usukani, mashaka huelekea nyuma. Na iko pedali ipigayo upesi upesi na kwa kelele dereva anapokanyaga kwa ghafula juu ya changarawe au tope. Huo si ugonjwa, bali ni mtambo wa kuzuia magurudumu yasikwame, nao unafanya kazi yake. Mtu asiulipie matengenezo.

Jambo moja halina nafasi ya maswali. Mtetemeko uliozuka ghafula, hasa gurudumu likiwa limetoka kufunguliwa, wataka gari lisimamishwe pale pale na nati zitazamwe. Nati zilizolegea hutetemesha gari vile vile, na gurudumu likichomoka mteremkoni hakuna fundi atakayehitajika tena.

Kuhakikisha kama mkosaji ni mbele au nyuma, mzee hulichukua gari katika barabara tupu, iliyonyooka na isiyo na mteremko, kwa mwendo wa kilomita 40 hivi. Huvuta breki ya mkono polepole, huku kidole chake kikibonyeza kile kitufe cha ncha ili aweze kuiachilia mara moja. Katika Probox breki hiyo hushika dramu za nyuma peke yake. Gari likitetemeka, dramu haziko mviringo. Likitulia, macho yarudi mbele. Magari mengine yana breki ya mkono ya umeme, au ina dramu yake ndogo ya peke yake, na kwa hayo jaribio hili halisemi kitu.

Kisha gari huinuliwa na kuwekwa juu ya stendi za chuma, kwani jeki peke yake si ya kuaminiwa na mtu aliye na watoto nyumbani. Gurudumu hushikwa juu na chini likatikiswa, kisha kushoto na kulia. Likicheza, beringi, boljointi au tairodi imekwisha. Bushi nazo hutazamwa. Vitu hivi mara nyingi si mwanzo wa mtetemeko, lakini vikiwa vimechakaa hukuza mtetemeko mdogo ukawa mkubwa.

Baada ya hapo ndipo vipimo huingia, na hapa gereji nyingi hushindwa kwa kukosa vyombo viwili tu ambavyo si ghali kama diski zinazotupwa bure kila mwaka. Cha kwanza ni maikromita. Diski hupimwa unene mahali nane kuzunguka, kila mara sentimita moja kutoka ukingoni, na hesabu huandikwa kwa chaki. Tofauti ikikaribia milimita 0.02, mtetemeko huwa umekwisha kupata maelezo yake. Diski yenyewe imepigwa chapa ya unene wa mwisho inaoruhusiwa kufikia. Ikiwa imepungua chini ya huo, hakuna mjadala, ni chuma cha kuuzwa kwa kilo.

Chombo cha pili ni saa ya kupimia, yenye mshale na kijiti kinachogusa diski. Diski hukazwa kwa nati zake, ikazungushwa kwa mkono, na mshale huonyesha inavyoyumba. Katika Toyota ndogo nyingi kiasi kinachoruhusiwa ni milimita 0.05. Ikizidi, mzee hufanya jambo ambalo linapendeza kulitazama. Hutia alama ya chaki juu ya diski na alama nyingine juu ya kitovu, huivua diski, akaizungusha tundu moja mbele, akairudisha na kupima upya. Pale palipochomoza pakihama pamoja na diski, diski ndiyo yenye kosa. Pakibaki na kitovu, basi diski inasingiziwa, na kosa liko katika kitovu au beringi. Kazi hiyo haichukui nusu saa, nayo yamaliza ubishi ambao ungaliendelea mwaka mzima.

Kwa gari la mwalimu diski ilipovuliwa, kitovu kilikuwa na ganda la kutu jekundu, nene upande mmoja. Mzee alilikwangua kwa burashi ya waya na msasa mpaka chuma kikang'aa, akasafisha na kuzunguka kila skurubu ambako burashi kubwa haifiki. Saa ilipowekwa tena, kuyumba kulikuwa kumeshuka chini ya kiasi. Lakini diski zilikuwa zimekwisha kuliwa, na kusafisha kitovu hakuwezi kuurudisha unene uliopotea.

KUTENGENEZA

Diski iliyobaki na unene wa kutosha haina haja ya kutupwa. Hupelekwa kukerezwa katika mashine, nyuso zote mbili zikawa sawasawa, mradi baada ya kukerezwa isishuke chini ya ile chapa. Zile za mwalimu ziliweza kukerezwa, na gharama yake haikufika karibu na bei ya diski mpya. Aliye na diski mpya na azioshe kwanza kwa maji ya sabuni na kuzikausha, maana hutoka kiwandani zimepakwa mafuta ya kuzuia kutu, na mafuta hayo yakiingia katika pedi huiharibu. Pedi za zamani zilizoungua na kung'aa kama kioo hazifai kurudishwa juu ya uso mpya.

Kalipa nayo ina haki yake. Pini zinazoiwezesha kuteleza zikikauka, pedi moja hubaki imeishikilia diski mchana kutwa. Gurudumu hilo huwa la moto kuliko wenzake na harufu ya kuungua hutoka. Pini husafishwa na kupakwa grisi maalum ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mipira yake, na mwezi haupiti kabla hazijakwama tena. Vumbi la pedi halipulizwi kwa upepo wala kwa mdomo. Hufutwa kwa kitambaa kibichi, kwa kuwa si vumbi jema kwa mapafu.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Sentigredi. Yakishaingia maji, kipimo kinachodaiwa ni nyuzi 140 tu, na joto hilo mteremko mrefu waweza kulileta. Mafuta yakichemka hufanya mapovu, na pedali huzama hadi sakafuni bila gari kusimama. Huo si mtetemeko tena, nao una hatari zaidi. Kwa hiyo kubadilisha mafuta hayo kila miaka miwili ni gharama ndogo sana kwa mtu anayepita Mai Mahiu, Mazeras au Iten.

Zimebaki nati. Hukazwa kwa kuvuka, moja kisha ile iliyo mkabala nayo, kwanza kwa nguvu kidogo zote, halafu kwa spana yenye kipimo. Toyota nyingi ndogo hutaka Niutoni-mita 103. Mwalimu amekwisha kununua spana ya kawaida ya kuweka ndani ya gari, na tangu hapo kijana wa pancha huombwa kwa adabu aiweke chini ile ya upepo.

Diski zilizokerezwa na pedi mpya hazijajuana bado. Siku ile ile mzee alimpeleka mwalimu barabara isiyo na magari, akamwagiza aende kilomita 60 kwa saa, apunguze polepole mpaka 10 bila kusimama kabisa, kisha aende mwendo kidogo breki zipoe, na arudie hivyo mara kumi. Pedi huacha tabaka jembamba lililo sawa kuizunguka diski yote, na juu ya tabaka hilo ndipo breki hushika vizuri. Alimwagiza pia kwamba mlimani aweke gia ndogo mapema, juu kabisa kabla mteremko haujaanza, akanyage breki kwa nguvu kidogo kisha aiachilie ipumue, wala asiiburute njia nzima. Na akisimamishwa chini huku breki ni za moto, mahali pakiwa tambarare, avute breki ya mkono na kuondoa mguu.

Baada ya kilomita 100 gari lilirudishwa ili nati zikazwe upya. Mbili zilikuwa zimelegea kidogo.